Moyo Nao Una Mishipa Yake: Kutoka Cairo Hadi Temeke

Kwenye mabucha ya Tandika, moyo wa ng'ombe ukiwekwa juu ya gogo la kukatia, mishipa yake huonekana kwa macho. Inaanzia juu, inashuka kuelekea kwenye ncha, na mahali pengi imefukiwa na mafuta meupe. Muuzaji akiupasua, ndani hukuta vyumba vyenye mabonge ya damu. Wengi hudhani damu hiyo ya ndani ndiyo inayoulisha moyo. Sivyo. Ni utando mwembamba tu wa ndani unaoweza kupata oksijeni kutoka kwenye damu inayopita vyumbani. Nyama yote iliyobaki, ambayo hudunda takriban mara 100,000 kwa siku, inategemea ile mishipa ya nje. Ndiyo hali ya dereva wa boza la maji anayejaza matangi ya mtaa mzima wakati kwake wanategemea bomba jembamba linalopita nyuma ya nyumba. Bomba likiziba, shehena aliyobeba haimsaidii.

Binadamu amechelewa sana kulielewa jambo hili. Kwa karne nyingi waganga walifuata maandishi ya tabibu Ibn Sina, aliyefundisha kwamba moyo hupata lishe kutoka kwenye damu iliyo katika chumba chake cha kulia. Mwaka 1242 tabibu Ibn al-Nafis, ambaye jina lake limefungamana na hospitali za Cairo, aliandika ufafanuzi wa kazi ya Ibn Sina na kuipinga hoja hiyo waziwazi: moyo hulishwa na damu ya mishipa inayopita ndani ya mwili wake. Hoja hiyo haikuenea. Ilibidi afike daktari wa Misri, Muhyo al-Deen Altatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, aukute mswada huo kwenye maktaba ya Berlin mwaka 1924. Inauma kufikiri ni muda gani ulipotea.

Huko Ulaya dalili zilitambuliwa kabla ya chanzo chake kujulikana. Mwaka 1772 daktari William Heberden wa London alichapisha habari za watu wanaobanwa kifua wakitembea, hasa wakipanda mlima au wakiwa wametoka kula, na maumivu yakawaachia mara tu wanaposimama. Hakujua sababu. Leo inajulikana. Viungo vingi vya mwili, vikizidiwa na kazi, huchota oksijeni zaidi kutoka kwenye damu ileile. Moyo hauna akiba hiyo, maana hata mtu akiwa amelala huwa umeshachukua takriban robo tatu ya oksijeni inayoufikia. Ukihitaji zaidi, sharti damu yenyewe iongezeke, na mshipa uliosinyaa kwa mafuta hauwezi kuipitisha.

Hata hivyo, hadi mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wengi waliamini kwamba mshipa wa moyo ukiziba ghafla, mtu hufa papo hapo. Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kunusurika na kwamba anaweza kutambuliwa akiwa hai. Mwaka 1958 daktari Mason Sones alikuwa Cleveland akimpiga mgonjwa picha za moyo, dawa ya rangi ikaingia kwa bahati mbaya kwenye mshipa wa koronari, yaani mmoja wa ile mishipa inayoulisha moyo, jambo lililodhaniwa kuwa ni kifo. Moyo ulisimama kidogo, mgonjwa akakohoa, ukarudi. Tangu hapo mishipa hiyo ikawa inapigwa picha. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig, akiwa Zürich, aliupanua mshipa ulioziba kwa puto dogo, bila kupasua kifua.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa namna ya kipekee. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones waliripoti kutoka Uganda kwamba maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa karibu hayapo kwa Waafrika, ilhali jamii ya Waasia waliokuwa nchi hiyohiyo yaliwasumbua sana. Ni rahisi mtu kuisoma taarifa kama hiyo akahitimisha kwamba Mwafrika amezaliwa na kinga.

Jibu lilipatikana kwa Wamasai. Mwaka 1964 George Mann, mtafiti wa Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai huku Tanganyika, watu waliokula nyama na kunywa maziwa siku zote. Hawakuona dalili za ugonjwa. Ndipo wakakusanya mioyo ya wanaume 50 waliofariki, na mwaka 1972 wakatoa habari iliyopaswa kushtua zaidi: mafuta yalikuwemo. Kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Kimarekani. Tofauti ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka, damu ikawa bado inapita. Mann alikisia kwamba iliyoitanua ni miguu, yaani kule kutembea kutwa nyuma ya mifugo.

Basi kinga, kama ilikuwepo, haikuwa ya damu wala kabila. Inaweza kuachwa njiani mtu anapohamia mjini, na hilo lilipimwa hapa. Watafiti waliwafuatilia watu waliotoka Morogoro vijijini kuja kuishi Dar es Salaam, na taarifa yao ikatoka mwaka 2010. Kati ya 132 waliofuatiliwa kwa miezi 12, wanaume wanaofanya kazi za nguvu walishuka kutoka takriban 79 katika kila 100 hadi 26. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2. Walikula nyama nyekundu zaidi, lakini pia matunda na mboga zaidi, kwa hiyo anayeilaumu sahani ya chipsi peke yake anasema nusu ya ukweli. Kilichoporomoka haraka ni kazi ya mwili. Kijijini kulikuwa na jembe na kuni. Mbagala au Tegeta kuna daladala, bodaboda, na kukaa dukani kutoka asubuhi hadi usiku.

Matibabu nayo yamesogea. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza katika Hospitali ya Muhimbili, Upanga, mwaka 2008, wakati ambapo wagonjwa wengi wa moyo walikuwa wakisafirishwa India. Mwaka 2015 ikawepo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na leo mishipa ya moyo huzibuliwa palepale Upanga. Mwaka 2022 taasisi hiyo ilikabidhiwa hospitali ya Dar Group, karibu na Tazara, ikawa na tawi upande wa Temeke.

Lakini mgonjwa wa Chamazi au Bunju haanzii Upanga. Huanzia zahanati, kwa malalamiko ya kiungulia au presha. Mshipa ukiziba kabisa, misuli huanza kufa ndani ya saa moja, na baada ya takriban saa sita sehemu kubwa ya kuokolewa huwa imekwisha. Mjini Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapima wagonjwa karibu 700 waliofika hospitali wakilalamika kifua au pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo, na wengi wao waliandikiwa ugonjwa mwingine.