Chombo cha Pombe: Kutoka Chungu hadi Pipa

Ukifika Mwansabombwe mwezi wa Julai, utakuta sherehe ya Mutomboko. Mji huu ni makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula, nchini Zambia. Katika sherehe hiyo pombe si burudani tu, bali pia ni sehemu ya heshima wanayopewa wahenga. Kibemba huiita ubwalwa. David Livingstone, aliyefika kwa Kazembe mwaka 1867, alitumia katika shajara zake neno lile lile unalojifunza wewe: pombe. Leo, hata hivyo, tutazame chombo chake.

Zamani pombe ya nafaka ilitengenezwa katika vyungu na vibuyu. Mwaka 1939 Audrey Richards alichapisha kitabu kuhusu chakula na kazi za Wabemba, akaeleza kwamba utengenezaji wa pombe ya ulezi ulikuwa kazi ya wanawake. Chungu kikuukuu hakikudharauliwa, kwa maana chachu iliyobaki katika vinyweleo vya udongo ilisaidia kuchachusha pombe iliyofuata.

Kisha vikaja vyombo vya chuma. Sehemu nyingi za kusini mwa Afrika, sufuria za chuma na baadaye mapipa yaliyotumika yalichukua nafasi ya chungu. Yalipatikana kwa urahisi, hayakuvunjika, na yalibeba pombe nyingi kwa mara moja. Lakini pombe ya nafaka ni chachu, na uchachu huyeyusha chuma. Mnywaji akameza madini asiyoyaona wala kuyaonja. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, hivyo hujilimbikiza katika ini na kuliharibu. Mwaka 1929 tabibu Strachan alieleza ugonjwa huu kutokana na maiti zilizochunguzwa Johannesburg. Mwaka 1992 watafiti waliongeza kwamba huenda urithi wa damu nao huchangia.

Tazama tofauti hiyo. Chungu kilichotumika kilihifadhi chachu, na pipa lililotumika huhifadhi kutu, zinki, mafuta au sumu ya wadudu. Desturi ya kurithi chombo ilibaki ile ile, ilhali chombo chenyewe kilikuwa kimebadilika.

Basi anayetaka kulifufua pipa kuukuu aanze kwa swali: lilibeba nini? Likiwa lilibeba kemikali au mafuta, hakuna sabuni itakayolitakasa. Likiwa limepakwa zinki au limeshika kutu, lisitumike kwa pombe. Linalofaa ni pipa la chuma kisichoshika kutu, lililobeba kinywaji. Kwanza hewa iliyobanwa ndani itolewe taratibu kabla ya kufungua valvu, maana inaweza kuirusha kwa nguvu na kumjeruhi mtu. Mipira ya kuzibia ibadilishwe, kwa kuwa hushika harufu. Kisha pipa liloweshwe kwa maji ya moto na magadi ya kuoshea, lisuguliwe, lisuuzwe vizuri, na mwisho lipitishwe maji yanayochemka. Dawa ya klorini isiachwe ndani, kwani hula hata chuma hicho.

Liko pia swali la uraia: pipa ni la nani? Mapipa mengi hubaki mali ya kiwanda, nayo hayauzwi bila ridhaa yake. Anayewaandalia wenzake kinywaji amebeba dhamana ya afya yao. Mgeni huona kikombe tu, naye humwamini mwenyeji kwa yale yaliyomo ndani ya pipa.