Kikoi Kilipona, Hakuna Matata Ikaenda

Kila baada ya muda hii stori hufufuka mtandaoni: "Disney wametuibia Kiswahili!" Watu wanachemka, vichekesho vinatengenezwa, halafu wiki ikiisha tumeshahamia stori nyingine. Leo wacha tuweke hasira kando tuangalie historia. Kuna kesi tatu nataka tuzipange pamoja: Hakuna Matata, kikoi, na kahawa ya Ethiopia. Ukizisoma kwa mpango utaona kwa nini moja ilituponyoka na mbili zikaokolewa.

Tuanze na ile inayouma. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms, vijana wa Pwani yetu, walitoa "Jambo Bwana". Watalii wakaibeba hadi kwao. Mwaka uliofuata Boney M nao wakatoa yao. Kwa hivyo "hakuna matata" ilikuwa imeshazunguka dunia miaka kumi na kitu kabla ya The Lion King kutoka mwaka 1994. Mwaka huohuo wa filamu, Disney wakapeleka ombi Marekani kusajili maneno hayo kama alama ya biashara kwa nguo. Usajili ukakamilika 2003. Sisi tulikuja kuchemka lini? Mwisho wa 2018, filamu mpya ilipokuwa inakaribia. Makumi ya maelfu ya watu wakatia sahihi ombi la mtandaoni, na jambo zuri ni kwamba lilianzishwa na Mzimbabwe, hata si mtu wa huku.

Sasa, Disney walipata nini hasa? Hapa ndipo wengi huchanganya. Hawakununua Kiswahili. Nyanyako akisema "hakuna matata" hakuna wakili atabisha mlango. Alama ya biashara ni haki ya kutumia jina fulani kwenye bidhaa za aina fulani, ndani ya nchi fulani. Wao walipata haki ya kuliweka kwenye nguo wanazouza Marekani. Fulana yako ya Hakuna Matata pale Mombasa iko salama. Shida inaanza siku unataka kuipeleka soko la Marekani.

Hilo la "nchi fulani" lina historia ndefu. Mwaka 1883 nchi kadhaa zilikutana Paris zikatia sahihi mkataba wa kulinda mali ya viwanda. Zilikubaliana mambo kadha: mgeni atendewe kama mwenyeji, na ukishaomba kwenu una muda maalum, ambao leo ni miezi sita, wa kuomba kwingine bila kupoteza nafasi yako kwenye foleni. Lakini kila nchi ilibaki na sajili yake. Mwaka 1891 ukaja mfumo wa Madrid, ambao unakuruhusu kuomba nchi nyingi kwa fomu moja. Hata huo haukuondoa mipaka, kwa sababu kila nchi bado inaamua yenyewe kama itakubali jina lako. Kenya iliingia mkataba wa Paris mwaka 1965, na Madrid mwaka 1998. Kwa maneno mengine, mlango uko wazi kwetu kitambo.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo moyo wa hii stori. Kabla jina halijasajiliwa, huwa linatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Marekani wanakupa siku 30, na unaweza kuomba muda zaidi. Kenya ni siku 60. Ukikaa kimya, linapita. Na Marekani, likishakaa kwenye sajili miaka mitano, sababu nyingi za kulipinga zinafungwa. Sasa piga hesabu: usajili 2003, kelele 2018. Tulifika uwanjani taa zimezimwa.

Njoo kikoi sasa. Karibu mwaka 2007 habari zilifika Kenya kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba kusajili neno "Kikoy" kule kwao. Fikiria kwanza. Wewe ni mfumaji au muuza vikoi, unapeleka mzigo London, halafu unaambiwa huwezi kuuita kikoi. Uuite nini? Kitambaa chenye mistari? Safari hii watu hawakuishia kulalamika. Wauzaji wa Kenya, wakisaidiwa na Traidcraft, shirika la Uingereza la biashara ya haki, walipeleka pingamizi rasmi, kwa wakati, kwa msajili wa kule. Hoja yao ilikuwa rahisi: hilo ni jina la kitu chenyewe. Huwezi kumiliki neno "viatu" kwa kuuza viatu. Mwishowe ombi likaachwa. Kikoi kikabaki kikoi.

Ona tofauti. Hakuna Matata haielezi fulana, ndiyo maana kisheria ilikuwa rahisi kuisajili kwa fulana. Kikoi kinaeleza kile kitambaa. Lakini hata hoja nzuri namna hiyo haijipeleki ofisini. Lazima mtu aibebe.

Waethiopia walienda hatua moja mbele: hawakungoja kuvamiwa. Mwaka 2005 serikali yao iliomba Marekani kusajili majina matatu ya kahawa: Yirgacheffe, Harrar na Sidamo. Yirgacheffe likapita mapema. Kwa Sidamo wakakuta Starbucks wametangulia foleni na ombi la jina lenye neno hilohilo ndani yake. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani nacho kikapinga, na hoja yao ilikuwa ileile iliyookoa kikoi: hayo ni majina ya kueleza bidhaa tu, mtu mmoja hawezi kuyamiliki. Sheria hukata pande zote mbili, wasee. Ethiopia haikurudi nyuma. Oxfam wakaingia na kampeni mwaka 2006, watu wakawaandikia Starbucks barua kwa wingi, na Juni 2007 pande hizo mbili zikatia sahihi makubaliano. Ethiopia haikudai malipo ya leseni. Ilichotaka ni majina yatambuliwe kuwa yake, yatangazwe, ili mkulima apate nguvu ya kujadili bei.

Sasa msimamo wangu. Wanaosema Disney ni wezi wana uchungu wa haki, lakini neno "wizi" linatulaza usingizi. Linatufanya tuone kama hakuna tulichoweza kufanya, na kikoi kinaonyesha kilikuwepo. Wanaosema "sheria ni sheria, mlichelewa" nao wanaruka jambo kubwa. Sajili iko wazi kwa kila mtu, ndiyo, lakini wakili wa London analipwa pauni. Wauzaji wa vikoi walihitaji shirika la hukohuko Uingereza kuwashika mkono. Kampuni kubwa ina watu wanaosoma matangazo ya sajili kila wiki. Sisi nani anatusomea? Hiyo ingefaa kuwa kazi ya serikali: ofisi ndogo inayofuatilia sajili za nje kutafuta majina yetu, na bajeti ya kupeleka pingamizi. Ethiopia haikuwa tajiri kuliko sisi ilipojaribu.

Na wewe unayeuza hoodie zenye jina lako, hii inakuhusu leo. Wafuasi wa Instagram hawakupi umiliki. Nenda KIPI, tafuta kama jina liko huru, liombe. Likisajiliwa linakulinda miaka kumi, halafu unafanya upya. Lakini hapo umelindwa Kenya tu. Wateja wakianza kuitisha mzigo Kampala au Dar, hizo ni sajili nyingine. Hata Tanzania yenyewe, Bara ina msajili wake na Zanzibar ina wake. Panga mapema, kabla jina halijawa kubwa, kwa sababu likishavuma kuna mtu mahali anajaza fomu.

Sheng iko mitaani inazaa maneno kila siku, na kati yao kuna moja litakuja kuvuma dunia nzima. Swali ni nani atakuwa amefika dirishani kwanza.