Roketi ya Karatasi na Anga la Karatu

Weka kidole kwenye ramani, Karatu mjini, halafu kisogeze mashariki bila kukipandisha wala kukishusha. Kitapita Arusha na Moshi, kitavuka mpaka jirani na Taveta, kitakatiza Tsavo na kutokea baharini karibu na Malindi. Kaskazini kidogo ya hapo, kwenye Ghuba ya Ungwana, kuna Ngomeni. Kutoka majini mbele ya Ngomeni, kati ya 1967 na 1988, roketi tisa zilipeleka setilaiti angani. Mtoto wa Karatu anayefungua boksi la roketi ya kuunganisha mwenyewe na kudhani hayo ni mambo ya Wamarekani peke yao, hajasimuliwa habari hiyo.

Aliyeanzisha kazi ile alikuwa Mtaliano, Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Nchi yake haina ardhi kwenye ikweta, kwa hiyo akasimamisha majukwaa ya chuma baharini: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea. Faida ya ikweta ni hesabu tu. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na huku kwetu uso wake huenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekea mashariki, mwendo huo inaupata bure kabla hata haijawashwa. Karatu nayo inaupata, karibu sawasawa na Ngomeni.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba tangu ijitawale, roketi aina ya Scout iliondoka San Marco na setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Msimamizi wa mradi, Bi. Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Uhuru ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba kile kitu kiitwacho Cygnus X-1 yaelekea ni shimo jeusi, na kiongozi wa wanasayansi wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nadhani hakuna neno la Kiswahili lililowahi kusomwa na wanaastronomia wengi kuliko hilo.

Sasa turudi kwenye boksi. Scout ilitumia mafuta makavu, yale ambayo yakishawaka hayazimiki mpaka yaishe. Roketi ya mtoto ni ya ukoo huohuo, na historia yake ilianza dukani kwa muuza viatu. Orville Carlisle wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, alikuwa mpenzi wa fataki. Ndugu yake Robert alikuwa mpenzi wa ndege za kuunda. Mwaka 1954 Carlisle alitengeneza roketi ya karatasi yenye injini ndogo ya baruti inayotupwa ikishatumika, na mwavuli wa kuirudisha chini. Mwaka 1957 alimpelekea sampuli G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa roketi wa White Sands. Oktoba mwaka huo Warusi wakarusha Sputnik, na vijana wa Marekani wakaanza kushindilia kemikali kwenye mabomba ya chuma majumbani. Wengine walipoteza vidole, wengine maisha. Stine aliona kwamba kuwakataza hakutasaidia. Wapewe injini iliyotengenezwa kiwandani. Mwaka 1959 Vern Estes wa Denver alikamilisha mashine ya kushindilia injini hizo, akaiita Mabel, nayo ikatoa injini moja kila baada ya sekunde chache.

Kwa hiyo kila kilichomo ndani ya boksi kina sababu yake. Mwili ni bomba la karatasi ngumu, pua ni ya plastiki au mti mwepesi, mapezi matatu husuguliwa kwa msasa na kugandishwa kwa gundi. Hapa ndipo penye subira: pezi likikaa upande, roketi itapinda. Injini ni kibomba cha karatasi cha kutosha kiganjani, chenye tundu la udongo chini. Baruti ikiisha, sekunde chache hupita roketi ikipanda kwa mwendo iliokwisha kuupata, kisha mlipuko mdogo huisukuma pua na kuutoa mwavuli. Karatasi isiyoshika moto huzuia mwavuli usiungue. Ukiisahau, utaokota plastiki iliyoyeyuka. Kuwasha ni kwa waya na betri, watu wote wakiwa wamesimama mita tano au zaidi. Kiberiti hakina kazi hapo.

Anga la huku lina mambo yake. Mwaka huohuo wa 1959, Januari, Michael Grzimek alianguka na ndege yake yenye mistari ya pundamilia baada ya kugongana na tai mla mizoga, akiwa kwenye kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na watalii husimama pale. Ndege ndogo bado zinapita kila siku kuelekea Serengeti na uwanja wa Manyara, na tai hawajapungukiwa na kazi. Ndani ya hifadhi, basi, usifikirie kabisa kurusha kitu. Hata nje yake, kwenye mashamba ya ngano ya Mbulumbulu, mabua makavu yanashika moto upesi, na upepo wa kiangazi utakipeleka chombo kwenye shamba la jirani. Injini zenyewe ni baruti, na baruti haiingizwi nchini bila kibali.

Kwa walimu wa fizikia ninaowajua, hicho kibali ndicho kinachowakatisha tamaa. Wasikate. Chupa ya plastiki ya soda iliyojazwa maji theluthi moja, kizibo kinachobana na pampu ya baiskeli vitafanya kazi ileile ya kusukuma kitu kimoja chini ili kingine kipande juu, na hakuna baruti inayohitajika. Anzeni na hiyo uwanjani, watoto wakae mbali na chupa inapojazwa hewa, na kabla ya kurusha wasimulieni habari za Ngomeni.