Majarida: mlango wa kazi ya kwanza na bei yake

Kwa muda mrefu njia ya kuingia katika majarida makubwa ya New York na London ilikuwa moja: kufanya kazi bure kwa miezi kadhaa, kisha kungoja kuitwa. Njia hiyo sasa imebanwa na sheria, ingawa haijafungwa kabisa. Kijana wa Afrika Mashariki anayeikaribia akiwa na viza ya masomo anaweza kupoteza mengi zaidi kuliko mwenzake aliyezaliwa huko.

Wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi ndani ya ofisi ya uhariri, hawapewi makala ndefu siku ya kwanza. Huandika mahojiano neno kwa neno kutoka kwenye kinasa sauti, hutafuta picha na kuomba ruhusa ya kuzitumia, husoma prufu. Ngazi inayofuata ni msaidizi wa mhariri, ambaye hupanga ratiba ya kurasa, huwakumbusha waandishi waliochelewa na kuandika habari fupi fupi. Mshahara wake ni mdogo, na katika miji hiyo miwili kodi ya nyumba humeza sehemu kubwa. Ndiyo maana swali la nani anaingia katika majarida limekuwa, kwa miaka mingi, swali la nani ana wazazi wa kumlipia chumba.

Kesi zilizobadilisha mambo

Mwezi Februari 2012, mwanagenzi wa zamani wa jarida la mitindo la Harper's Bazaar aliishtaki kampuni ya Hearst mjini New York. Alidai kuwa alifanya kazi hadi saa 55 kwa wiki bila malipo, akiratibu usafirishaji wa sampuli za mavazi. Mwaka uliofuata wanagenzi wawili wa zamani wa W na The New Yorker nao waliishtaki Condé Nast.

Matokeo yalitofautiana. Condé Nast ilitangaza mwezi Oktoba 2013 kuwa inaufunga mpango wake wa wanagenzi, na mwaka 2014 ikakubali kulipa dola milioni 5.8 ili kumaliza kesi iliyowahusu watu wapatao 7,500. Hearst haikukubali suluhu ya namna hiyo. Iliendelea na kesi na ikashinda katika mahakama ya rufani mwezi Desemba 2017.

Kipimo kilichotumika kilikuwa kimewekwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2015, katika kesi ya kampuni ya filamu: nani mnufaika mkuu wa uhusiano huo, mwanagenzi au mwajiri? Ikiwa mafunzo yanaambatana na masomo ya chuo na hayachukui nafasi ya wafanyakazi wanaolipwa, mwajiri anaweza kuruhusiwa kutolipa. Wizara ya Kazi ya Marekani ilikichukua kipimo hicho mwezi Januari 2018. Kwa ufupi, kampuni binafsi ya Marekani bado inaweza kumtumia mwanafunzi bila mshahara, mradi iwe na hoja ya kuonyesha kuwa anajifunza.

Hata hivyo, aibu ilifanya kazi ambayo sheria haikuifanya. Mwaka 2013 wanagenzi wa jarida la The Nation, ambalo kwa miongo mingi limetetea haki za wafanyakazi, waliandika barua ya wazi kulalamikia posho isiyofikia kima cha chini cha mshahara. Malipo yao yaliongezwa.

Sheria ya Uingereza ni kali zaidi, angalau kwenye karatasi. Kima cha chini cha mshahara kilianza kutumika mwezi Aprili 1999, na kinamhusu kila mtu anayehesabiwa kuwa mfanyakazi, hata akiitwa mwanagenzi. Wasiohusika ni pamoja na mwanafunzi ambaye kozi yake ya Uingereza inamtaka afanye mafunzo yasiyozidi mwaka mmoja, anayetazama tu wenzake wakifanya kazi, na mtu anayejitolea katika shirika la hisani. Mwaka 2011 baraza la kazi lilimpa ushindi mwandishi kijana aliyekuwa ameambiwa kuwa hastahili malipo kwa sababu ni mwanagenzi. Ilidhihirika kuwa alikuwa akiwasimamia waandishi wengine. Chama cha waandishi wa habari, NUJ, kilichomsaidia, kilianzisha kampeni ya kuwarejeshea wanagenzi haki zao.

Viza: mtego usioonekana

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na mara nyingi bila kujua.

Mwanafunzi wa shahada nchini Uingereza mwenye viza ya masomo kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Lakini harusiwi kujiajiri. Mwandishi wa kujitegemea anayeliuzia jarida makala yake huhesabiwa kuwa amejiajiri, hata kama malipo ni pauni 100 na makala ni moja tu. Mhariri anayempongeza na kumwomba atume ankara huenda hajui kuwa anamtia matatani. Kulikabili jambo hili mapema, kwa kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, si woga. Baada ya kuhitimu, viza ya wahitimu iliyoanzishwa mwezi Julai 2021 huruhusu ajira na kujiajiri kwa muda maalumu.

Nchini Marekani mwenye viza ya F-1 anahitaji kibali kabla ya kufanya kazi nje ya chuo. Kipo kibali cha mafunzo yaliyo sehemu ya mtaala, na kingine cha miezi 12 ambacho wengi hukitumia baada ya kuhitimu. Mwenye hicho cha pili hatakiwi kukaa bila kazi kwa zaidi ya siku 90 kwa jumla, muda ambao katika uajiri wa majarida unaweza kwisha kabla barua ya kwanza haijajibiwa. Aliye Nairobi au Dar es Salaam anaweza kufikiria viza ya J-1 ya wanagenzi, inayowahusu walio vyuoni nje ya Marekani na waliohitimu ndani ya miezi 12 iliyopita. Viza hiyo hupitia shirika la udhamini lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, nalo hutoza ada. Kwa upande wa Uingereza, sheria ya mawakala wa ajira ya mwaka 1973 inamkataza wakala, isipokuwa katika fani chache kama za burudani na mitindo, kumtoza mtu pesa kwa ajili ya kumtafutia kazi. Anayedai ada ili amtafutie kijana nafasi katika jarida la London anapaswa kuogopwa.

Kazi ambayo Kiswahili kinaisaidia

Majarida ya Marekani yana desturi ambayo magazeti mengi hayana: idara ya wahakiki wa ukweli. The New Yorker ni maarufu kwa idara hiyo. Mhakiki hupitia makala mstari kwa mstari, huwapigia simu waliohojiwa na kuuliza kama mambo yalikuwa hivyo. Ni kazi ya vijana, mara nyingi ndiyo ya kwanza, na lugha za kigeni huthaminiwa sana, kwa kuwa shahidi aliye Goma au Mombasa hawezi kuulizwa kwa Kiingereza asichokijua.

Faida yenyewe si kutafsiri tu. Mwandishi mgeni akiandika kuwa milio ya risasi ilisikika saa mbili usiku kwa sababu ndivyo shahidi alivyosema, msomaji wa New York atadhani ni usiku wa manane umepita, ilhali ni muda mfupi baada ya chakula cha jioni. Akiandika kuwa marehemu alikuwa ndugu wa shahidi, mhakiki anayeijua lugha atauliza: wa tumbo moja, binamu, au wa kijiji kimoja? Kosa la aina hii likichapishwa katika habari ya mauaji, linaweza kumfanya shahidi aonekane mwongo mbele ya mahakama. Anayeomba kazi hii hufanya vyema kutaja lugha zake mwanzoni mwa wasifu, si chini kabisa karibu na michezo anayoipenda.

Wapi pa kugonga

Majarida yenye majina yanapungua. Mwezi Februari 2022 kampuni ya Dotdash Meredith ilisimamisha uchapishaji wa karatasi wa majarida 6 kwa mpigo, yakiwemo Entertainment Weekly na InStyle. Nchini Uingereza, NME liliacha kuchapisha toleo la kila wiki mwezi Machi 2018.

Majarida ya fani hayana mvuto huo, lakini hulipa na hufundisha. Farmers Weekly huandikiwa wakulima, Nursing Times wauguzi. Kijana aliyesomea kilimo Morogoro na anayeandika vizuri ana hoja nzuri zaidi hapo kuliko katika jarida la mitindo. Yapo pia yanayoshughulikia Afrika: New African na Africa Confidential mjini London, The Africa Report mjini Paris. Ofisi kama hizi ni ndogo. Barua fupi kwa mhariri, yenye wazo moja la habari ambalo hajalichapisha, inaweza kuwa na uzito kuliko fomu.

Kwamba kisomo cha uandishi wa habari si lazima, unaonyesha mpango wa Richard Casement wa The Economist, uliopewa jina la aliyekuwa mhariri wake wa sayansi. Mpango huo umekuwa ukiwatafuta wanasayansi wenye kipaji cha kuandika, na waombaji wametakiwa kutuma makala ya maneno yapatayo 600 inayofaa kuchapishwa katika kurasa za sayansi. Makala hiyo ndiyo mtihani. Anayejitayarisha kwa nafasi kama hiyo hana budi kusoma matoleo kadhaa kwa kalamu mkononi, akihesabu urefu wa aya na kuangalia habari inaanzaje.

Kwa nafasi za kiangazi nchini Marekani, majarida mengi huanza kupokea maombi tangu mwisho wa mwaka uliotangulia. Anayekumbuka mwezi Mei amechelewa.

Aliyekwisha kuanza kazi Uingereza na kugundua kuwa alistahili mshahara aweke kumbukumbu ya saa alizofanya, ratiba alizopangiwa na barua pepe zilizomwagiza kazi. Idara ya mapato, HMRC, inaweza kumfuatilia mwajiri kwa malimbikizo ya hadi miaka 6 iliyopita, au 5 kwa Scotland, na malalamiko hupokelewa hata kama mlalamikaji alitia saini karatasi ya kukubali kutolipwa.