Vilima vya Ziwa Victoria: mwongozo wa Homa Bay kwa mtu wa pwani

Sisi watu wa mwambao tukitaja kupanda mlima, fikira huenda Taita, Kasigau au Kilimanjaro. Ziwa Victoria tunalijua kwa sangara na dagaa. Lakini kaunti ya Homa Bay, pamoja na upande wa Migori unaopakana nayo, ina vilima ambavyo mtu wa kawaida anavipanda kwa asubuhi moja na kuona nusu ya ziwa. Nimevitembelea kadhaa kwa nyakati tofauti, na kila nilipokwenda nilifundishwa jambo lile lile: hakuna kilima kisicho na wenyewe. Nitalirudia hilo baada ya kueleza vilele.

Urefu usikutishe

Uso wa ziwa wenyewe uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hivyo kilele kilichoandikwa mita 1,700 hukipandi zaidi ya mita mia tano na kitu kutoka ufukweni. Kinachochosha ni jua. Vilima hivi vingi ni mabaki ya volkeno. Volkeno kubwa ya Kisingiri ilizimika mamilioni ya miaka iliyopita, na milima ya Gwassi pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano ni masalia yake.

Got Asego

Kwa Kijaluo "got" ni mlima. Asego imesimama mjini Homa Bay kama pia iliyopinduliwa: fupi, lakini mteremko wake ni mkali. Watu wa mji huipanda kwa mazoezi, na wengine huenda kusali. Juu unaona mji wote na ghuba ya Winam. Anza hapa, ukiimudu Asego bila kukaa chini mara kwa mara, vingine utavimudu.

Mlima Homa

Mlima huu wa mita 1,751 uko kwenye rasi iliyoingia ziwani. Njia zake ni za wachungaji, zinagawanyika ovyo, na nyasi huzifunika baada ya mvua. Chini yake, Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 kuwa wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya kiboko iliyochanjwa kwa zana hizo. Ukishuka upande wa Kendu Bay, pitia ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kuwa palikuwa na kijiji kilichozama usiku mmoja kwa sababu kilimnyima bibi kizee mahali pa kulala.

Rusinga na kilima cha Lunene

Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa barabara, kwa hivyo huhitaji boti. Juu ya Lunene unaona Mfangano upande mmoja na milima ya Gembe na Gwassi upande wa pili. Hapa ndipo Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, na hapa ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 1969. Kaburi lake liko wazi kwa wageni.

Mfangano na kilele cha Kwitutu

Ukiniuliza uchague kimoja tu, nitakwambia Mfangano. Unapanda boti Mbita, unashuka Sena, kisha unapita mashambani hadi msitu mdogo wa juu. Kwitutu ina mita 1,694. Hali ya hewa ikiwa safi, visiwa vidogo vya upande wa Uganda na Tanzania vinaonekana, na Remba pia.

Remba haina mlima wa kupanda. Ni jabali lililojaa nyumba za mabati na wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania, na Kiswahili ndicho kinachowasikilizanisha. Kwa sisi wa pwani ni jambo la kufurahisha kusikia lugha yetu ikifanya kazi ya kupatanisha bei ya samaki mbali hivyo na bahari.

Kwenye miamba ya Mfangano, pale Mawanga na Kwitone, kuna michoro ya duara ndani ya duara, myekundu na myeupe. Inasemekana ni kazi ya Watwa, wawindaji walioishi hapa kabla ya Wasuba. Makumbusho ya Amani ya Abasuba, kisiwani humo humo, ndiyo pa kuanzia.

Gwassi, Ruma na Thimlich Ohinga

Milima ya Gwassi ndiyo mirefu zaidi, inapita mita 2,000. Chini yake ni bonde la Lambwe na Mbuga ya Taifa ya Ruma, maskani ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Mbugani usitembee kwa miguu bila askari wa wanyamapori, na usivae nguo za buluu au nyeusi, kwani mbung'o huzifuata. Ukielekea Migori, simama Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji tangu karne ya 16. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2018.

Wenyewe wa mlima

Sasa nirudi kwenye lile neno. Mtu wa Kilifi au Kwale hahitaji maelezo marefu kuhusu kaya. Msitu wa kaya ulisalia kwa sababu wazee waliweka mwiko, na watu wakauogopa. Michoro ya Mfangano ililindwa vivyo hivyo: wenyeji walipaheshimu kama mahali pa kuombea mvua, na mkono wa mtu haukukwaruza mwamba ule.

Mgeni haogopi mwiko asioujua. Huja na chaki au kisu, akaandika jina lake, akaondoka. Jirani yangu mmoja wa safari alitaka kumwagia michoro maji ili picha itoke vizuri. Kijana aliyetuongoza ndiye aliyemzuia. Kijana huyo hulipwa akiongoza watu. Asipolipwa, kesho atakuwa ziwani, na hapatakuwa na wa kuzuia. Ndiyo maana nasema ada ya mwenyeji isihesabiwe kuwa sadaka, wala mtu asiikwepe kwa sababu ana ramani kwenye simu. Ile ndiyo kaya ya leo.

Kabla hujaondoka

Anza kupanda saa kumi na mbili asubuhi. Mchana hewa huchemka, na alasiri radi za ziwani ni kali. Epuka masika, Machi hadi Mei. Beba maji lita mbili au tatu kwa kila mtu, na dawa ya mbu. Kwenye boti vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha hakuvaa; wewe unaijua bahari, ziwa hulijui. Usiogelee ufukweni, maana kichocho kipo. Ukifika kijijini, salimu kwanza, uliza mlima ni wa ukoo gani, upatane bei na kiongozi kabla ya kupanda, na umlipe mkononi mkishuka.