Sarafu Iliyoliwa na Chumvi

Kabla pesa haijawa namba kwenye simu, ilikuwa kipande cha shaba. Neno lenyewe lilivuka bahari kutoka India, ambako paisa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881 au 1882, Sultan Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa pesa zake za shaba: upande mmoja jina lake kwa herufi za Kiarabu, upande wa pili mizani. Lamu ilikuwa chini ya utawala wake. Mwaka 1888 ikaja pesa ya Kampuni ya Imperial British East Africa, nayo ina mizani, ila hii imeandikwa Mombasa.

Ukikaa Lamu siku chache na watu wakajua unapenda mambo ya kale, hutakosa wa kukuonyesha moja. Mimi nimeonyeshwa kadhaa, na swali huwa lile lile: "Hii inaenda pesa ngapi?" Bei simtajii mtu. Lakini kabla ya bei kuna swali jingine, na hilo lina jibu: sarafu hii iko katika hali gani, na nani aliyeifikisha hapo?

Kuna watatu wa kulaumiwa, na kila mmoja huacha alama yake.

Wa kwanza ni fundi. Chukua sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Hazina mwaka. Zina jina la sultani, na nyuma maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kimoja na jina hilo, kama shairi dogo. Zilipigwa kwa mkono, basi si ajabu sehemu ya jina kuangukia nje ya kipande. Huko si kuchakaa. Sarafu ilizaliwa hivyo.

Wa pili ni mikono ya watu. Mikono hulainisha kilichoinuka kwanza: vichwa vya herufi, ukingo, sahani za mizani. Uso unabaki mwororo, wa kahawia.

Wa tatu ni chumvi, na chumvi haichagui. Inakula bondeni na mlimani sawasawa, mpaka uso unajaa vishimo kama jiwe la matumbawe kwenye ukuta wa nyumba ya kale. Ukitaka kumjua mhusika, washa tochi ya simu, ilaze pembeni karibu usawa wa meza, kisha uzungushe sarafu polepole. Vivuli vitakuambia.

Wenzetu Wamarekani wamelifanya jambo hili kuwa hesabu kabisa. Mwaka 1949 William Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani, zile za 1793 hadi 1814, akaweka kipimo cha 1 hadi 70. Mwanzoni namba ilifuata bei: sarafu ya 70 ilihesabiwa kuwa na thamani mara 70 ya ile ya 1. Wapenzi wa shaba hizo huhukumu mara mbili. Kwanza wanapima ukali wa chapa kana kwamba kutu haipo, halafu wanakata alama kwa ajili ya kutu. Sarafu inaweza kuwa na ukali wa 20, kutu ikaishusha hadi 8.

Kwa mnunuzi, 8 ndiyo mwisho wa maneno. Mimi nazitaka namba zote mbili. Ile 20 inaniambia jinsi ilivyotumika, na zile alama 12 zilizokatwa zinaniambia ililala wapi baadaye. Sarafu yenye herufi kali lakini imejaa vishimo ilitoka mikononi mapema, ikakaa penye chumvi. Iliyolainika bila kishimo imenunua samaki na tambuu miaka na miaka. Ukitaja namba moja tu, historia hizo mbili umezifunika.

Tena kuna kitu ambacho hakuna daraja inayokipima. Mwaka 2013 Chapurukha Kusimba wa Field Museum ya Chicago na Sloan Williams wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini humo walitangaza sarafu waliyoipata kisiwani Manda, hapo ng'ambo tu ya Lamu. Ilikuwa ya shaba na fedha, ina tundu la mraba katikati, na jina la Yongle, mfalme wa China wa mwanzoni mwa karne ya 15, yule aliyemtuma Zheng He na majahazi yake Bahari ya Hindi. Sarafu za Yongle si adimu. Nyingi zilitoka nje ya China, na Japani zilitumika muda mrefu. Ile ya Manda ingepelekwa mnadani bila jina la kisiwa, ingekuwa moja kati ya nyingi. Uzito wake unatokana na mahali ilipotoka, na kwamba waliochimba waliandika mahali hapo. Hata hivyo haituambii kwamba Zheng He alikanyaga Manda, maana sarafu hupita mikono mingi. Inatuonyesha kisiwa kilichokuwa ndani ya biashara hiyo.

Vivyo hivyo Shanga, kisiwani Pate, alikochimba Mark Horton miaka ya 1980. Zilipatikana sarafu ndogo mno za fedha zenye majina ya Kiislamu, zilizopigwa huku huku pwani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Zingeokotwa na kuuzwa moja moja, nani angejua?

Ndiyo maana nilishtuka kijana mmoja wa Shela aliponionyesha pesa ya Barghash aliyoiokota baada ya mvua, karibu na msingi wa nyumba iliyobomoka. "Kaka, ngoja niipige ndimu na chumvi," akasema. "Itang'aa kama mpya."

Nikamwomba asubiri. Kijani kilichokaza, kilicho laini, ni ngozi ya shaba; kinailinda. Kijani kilichopauka, kinachotoka kama unga ukikigusa, ni ugonjwa: kloridi ya chumvi ikikutana na unyevu na hewa, inaendelea kula ndani kwa ndani. Ndimu inachuna ngozi, na chumvi inaongeza kloridi ile ile. Tena mara nyingi umbo la herufi limebaki ndani ya kutu yenyewe. Ukisugua kutu, umesugua jina la sultani.

"Na kuuza je? Kuna mtalii ameshaniuliza."

Nikamweleza sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Pesa ya Barghash imo. Alinyamaza. Kazi ni haba Lamu, na sikuwa na cha kumpa badala ya noti za mtalii.

Hatimaye tuliifunga kwenye karatasi kavu, bila kuiosha. Juu yake nikaandika: mizani inaonekana vizuri, mwaka unasomeka, kutu ya unga ukingoni. Yeye akachukua kalamu akaongeza nyumba, upande wa msingi, na siku ya mvua. Kesho yake akaipeleka makumbusho, pale pwani mjini Lamu.