Ridhaa ya Mtuhumiwa: Mwitikio wa Kanda na Dunia kwa Ukandamizaji nchini Burundi, 1996 na 2015

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha hatua zilizochukuliwa na nchi za kanda pamoja na taasisi za kimataifa dhidi ya serikali ya Burundi mwaka 1996 na baada ya Aprili 2015. Hoja yake ni kwamba tofauti ya matokeo haikutokana na uchache wa matamko, bali na nafasi iliyopewa ridhaa ya serikali iliyotuhumiwa.

Utangulizi

Mtaa wa Carama uko kaskazini mwa Bujumbura, katika zoni ya Kinama, komini ya Ntahangwa. Majirani zake, Kinama na Kamenge, hukumbukwa kwa operesheni za kijeshi za mwaka 1995 zilizowakimbiza maelfu ya wakaazi, wengi wao Wahutu. Miaka 20 baadaye, nguvu za dola zilielekezwa Musaga, Nyakabiga, Ngagara, Cibitoke na Mutakura, chini ya serikali iliyotokana na chama kilichowahi kuwa kundi la waasi. Kwa hiyo historia ya jiji hili haimruhusu mtafiti kuufunga ukandamizaji kwenye kabila moja wala chama kimoja. Watawala walibadilika, lakini raia aliendelea kukosa mlinzi pale dola yenyewe ilipomgeuka. Swali linalobaki ni nani aliye nje ya mipaka awezaye kuidai dola hiyo uwajibikaji, na kwa nyenzo gani.

Vikwazo vya mwaka 1996

Tarehe 25 Julai 1996, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi, nchi ikiwa tayari vitani. Siku sita baadaye, viongozi wa kanda walikutana Arusha na kuamua kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Hawakumwomba Buyoya idhini. Nguvu yao ilitokana na jiografia: Burundi haina bahari, na sehemu kubwa ya mafuta na kahawa yake hupitia kwa majirani. Masharti yalikuwa bayana: Bunge lirejeshwe, vyama viruhusiwe, na mazungumzo yafanyike bila masharti. Mnamo Septemba mwaka huohuo, Bunge na vyama viliruhusiwa tena, ingawa kwa mipaka.

Vikwazo hivyo vilikuwa na gharama. Bei za bidhaa zilipanda, wanyonge wakaumia, na wafanyabiashara wa magendo wakaneemeka. Viliposimamishwa Januari 1999, mazungumzo yaliyoanza Arusha mwaka 1998 chini ya Julius Nyerere yalikuwa yakiendelea. Baada ya kifo cha Nyerere, Nelson Mandela aliyafikisha kwenye Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba huo uliweka bayana kwamba rais hatatumikia zaidi ya vipindi viwili.

Mgogoro wa mwaka 2015

Kikomo hicho ndicho kilichokuwa kiini cha mgogoro pale chama cha CNDD-FDD kilipomteua Pierre Nkurunziza, tarehe 25 Aprili 2015, kuwania kipindi cha tatu. Maandamano yalianza kesho yake, na polisi wakayakabili kwa risasi. Jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei lilishindwa, na vituo vikuu vya redio binafsi vikaharibiwa. Kufikia katikati ya Mei, makumi ya maelfu ya wakimbizi walikuwa wamesongamana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kilizuka. Meli ya MV Liemba ilitumika kuwavusha hadi Kigoma. Tarehe 3 Agosti, mtetezi wa haki za binadamu Pierre Claver Mbonimpa alipigwa risasi na kujeruhiwa vibaya akiwa Bujumbura. Kabla mwaka haujaisha, mkwewe na mwanawe waliuawa. Baada ya kambi za jeshi kushambuliwa tarehe 11 Desemba, maiti zilikutwa katika mitaa ya Nyakabiga na Musaga.

Taasisi za nje hazikukaa kimya. Tarehe 17 Desemba 2015, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha kikosi cha watu 5,000, MAPROBU, na kuipa serikali saa 96 iridhie. Ibara ya 4(h) ya Sheria ya Uanzilishi ya Umoja huo inaruhusu kuingilia kati hata bila ridhaa pale yanapotokea makosa makubwa. Hata hivyo, Nkurunziza alipotangaza kwamba Warundi wangepigana na kikosi hicho, wakuu wa nchi waliokutana Addis Ababa mwishoni mwa Januari 2016 hawakukipeleka. Walituma ujumbe wa marais na waziri mkuu. Julai 2016, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha polisi 228. Serikali ilikataa, nao hawakuingia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, ilimteua Rais Yoweri Museveni kuwa mpatanishi, kisha Machi 2016 ikamteua Benjamin Mkapa kuwa mwezeshaji. Mkapa alikuwa Rais wa Tanzania wakati kanda ilipoweka vikwazo vya mwaka 1996. Safari hii alikabidhiwa meza ya mazungumzo bila nyenzo ya kumlazimisha mshiriki kuketi. Mtuhumiwa wa mwaka 1996 alikuwa nje ya mlango. Wa mwaka 2015 alikuwa mwanachama mwenye kiti katika chombo kinachoamua kwa makubaliano ya wote. Mazungumzo hayo hayakuzaa mkataba.

Nyenzo zisizohitaji ridhaa

Hatua mbili hazikuhitaji idhini ya Bujumbura. Machi 2016, Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku mbili kabla ya Burundi kujitoa rasmi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, majaji wa mahakama hiyo waliidhinisha uchunguzi wa makosa yaliyotendwa tangu Aprili 2015. Walieleza kwamba watu wasiopungua 1,200 walikadiriwa kuuawa na zaidi ya 400,000 kuyahama makazi yao. Kujitoa hakukufuta wajibu uliokwishakubaliwa.

Hitimisho

Haifuati kwamba MAPROBU ingepaswa kuingia kwa nguvu. Kikosi cha watu 5,000 dhidi ya jeshi la taifa kingeweza kuzaa vita vipya. Hata vikwazo vya 1996 viliwaadhibu wasio na hatia. Funzo kwa washauri wa sera ni finyu zaidi, lakini linatekelezeka. Taasisi isitangaze hatua inayotegemea ridhaa kabla ya kuamua itafanya nini ridhaa ikinyimwa. Aidha, chombo cha kanda kinahitaji utaratibu unaomwondoa mwanachama anayetuhumiwa katika uamuzi unaomhusu. Bila hayo, mkaazi wa Carama, Musaga au Nyakabiga ataendelea kusikia maazimio yakisomwa kwa niaba yake, huku utekelezaji ukisubiri sahihi ya yule anayemkimbia.